Miguu ya Darubini

Mwaka 1895 darubini yenye kioo cha upana wa inchi 36 ilisafirishwa kutoka Halifax, Uingereza, hadi kituo cha Lick, juu ya mlima Hamilton huko California. Ilikuwa zawadi ya Edward Crossley, mwenye kiwanda cha mazulia, naye aliinunua kwa Andrew Common, mhandisi aliyeitumia mwaka 1883 kupiga picha ya wingu la gesi katika kundinyota la Orion iliyowastaajabisha wataalamu wa wakati ule. Kwa hiyo ubora wa kioo haukuwa na shaka. Hata hivyo, pale Lick darubini hiyo ilikaa miaka karibu mitatu bila kuzaa kazi ya maana. Ilikuwa ngumu kuielekeza, stendi yake ilibuniwa kwa anga la Uingereza, na wataalamu wa kituo hawakutaka kupangiwa kazi nayo. Ndipo mwaka 1898 James Keeler, mkurugenzi mpya, alipoichukua mwenyewe. Kioo hakukibadilisha. Alipunguza kimo cha nguzo, akaurekebisha mhimili, akaitengeneza mashine ya saa iliyoizungusha darubini ili ifuate nyota. Alipofariki mwaka 1900 alikuwa ameacha picha zilizoonyesha kwamba mawingu yenye mikono iliyojikunja, ambayo leo tunayaita galaksi, si machache hata kidogo. Alikadiria kuwa darubini ile ingeweza kufikia 120,000 yasiyojulikana bado. Kioo kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni miguu.

Kisa hicho kinabeba hoja ninayoitetea hapa, nayo inamhusu mtu anayetaka kununua darubini yake ya kwanza yenye kompyuta. Sanduku la dukani humtangazia mambo mawili: darubini inakuza mara ngapi, na kompyuta yake inajua nyota na galaksi ngapi. Mambo hayo mawili hayamwambii kitu. Ukiifuata historia ya chombo hiki tangu 1609 utaona kwamba kila kilipopiga hatua mikononi mwa watu wa kawaida, hatua hiyo ilihusu stendi, yaani miguu, mihimili na gia zinazobeba bomba na kulizungusha. Kompyuta haiko nje ya historia hiyo. Ni sura yake ya karibuni, na inapaswa kupimwa kama sehemu ya stendi: je, inatafuta vizuri, inafuata vizuri, inatulia?

Sababu yake iko angani kwenyewe. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, kwa hiyo anga huonekana kusogea digrii moja kila dakika nne. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii tu. Maana yake ni kwamba kila dakika mbili anga husogea kwa upana wa Mwezi mzima. Kwa macho matupu hatuoni mwendo huo, lakini ukikuza mara 200, sehemu ya anga inayoonekana ni kama robo digrii, na Zohali iliyokuwa katikati itatoka nje ya duara katika muda wa nusu dakika. Galileo, ambaye darubini yake bora ilikuza mara 20 hivi, hakuweza kuuona hata Mwezi mzima kwa mara moja. Kuipata Mshtarii na kuishikilia usiku baada ya usiku, kama alivyofanya Januari 1610 alipogundua miezi yake minne, kulihitaji uvumilivu wa mikono na chombo kilichoegemezwa mahali imara. Mtu anayekuza zaidi anakuza pia mwendo wa anga, mtikisiko wa upepo na kutetemeka kwa kidole chake mwenyewe.

Jibu la kwanza kamili lilitoka Ujerumani. Mwaka 1824 Joseph Fraunhofer alimaliza darubini ya lenzi ya sentimita 24 kwa ajili ya kituo cha Dorpat, mji ambao leo ni Tartu, Estonia. Lenzi yake ilisifiwa, na kwa haki, lakini jambo jipya lilikuwa chini yake: mhimili mmoja ulilazwa sambamba na mhimili wa Dunia, ukazungushwa na mashine ya saa, hivi kwamba nyota iliyopatikana ilibaki mahali pake bila mtu kugusa kitu. Kwa chombo hicho Wilhelm Struve alipekua nyota 120,000 na kuchapisha, mwaka 1827, orodha ya jozi za nyota zaidi ya 3,000. Kasi kama hiyo ilihitaji stendi inayosogea kwa urahisi na kusimama inapoambiwa. Picha nazo zilikuja kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1880 Henry Draper wa New York alipata picha ya kwanza ya wingu la Orion kwa kuiacha sahani ya kamera ipokee mwanga kwa dakika 51. Katika muda huo anga lilisogea karibu digrii 13. Kama mashine yake ya kufuata ingekosea hata kidogo, wingu lingekuwa mchirizi.

Kwa muda mrefu mambo haya yalikuwa ya matajiri na vituo vikubwa. Watu wa kawaida walipoingia, waliingia kwa kusugua vioo vyao wenyewe, hasa baada ya Russell Porter kuwafundisha mafundi wa mji wa Springfield, Vermont, na jarida la Scientific American kueneza habari zao mwaka 1925. Baada ya Sputnik mwaka 1957, hamu ya anga ilienea Marekani kuliko watu wenye subira ya kusugua kioo, na pengo hilo likajazwa na darubini ndogo za lenzi ya milimita 60 kutoka Japani. Hapa ndipo ulipozaliwa uongo wa sanduku. Lenzi ya upana huo haiwezi kukuza kwa faida zaidi ya mara 120 hivi, kwa kanuni ya kawaida ya mara mbili kwa kila milimita; ukizidisha, picha inakuwa kubwa, hafifu na yenye ukungu. Lakini masanduku yaliandikwa mara 450, hata mara 675. Tena lenzi nyingi kati ya hizo hazikuwa mbaya. Balaa lilikuwa miguu miembamba iliyotetemeka kila mara mtu alipogusa skrubu ya kurekebisha, kiasi kwamba mtoto aliyepewa zawadi hiyo aliuona Mwezi siku ya kwanza, akaitafuta Zohali siku ya pili, na kabla ya juma kwisha darubini ilikuwa kabatini. Naona uchungu kila ninapofikiria ni watoto wangapi walijiona wajinga wa anga, ilhali mjinga alikuwa stendi.

Aliyelielewa hilo mapema alikuwa John Dobson, mtawa wa zamani wa Vedanta huko San Francisco. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akijenga darubini kubwa za kioo kwa mabomba ya karatasi ngumu, mbao za plaiwudi na vipande vya tefloni, na kuzisimamisha kando ya njia ili wapita njia waone Zohali bure. Vioo vyake havikuwa vya ajabu. Kilichobaki hadi leo na kubeba jina lake duniani kote ni kile kisanduku cha mbao kinachozunguka kushoto na kulia, juu na chini, na kutulia palepale mkono unapokiacha.

Upande mwingine wa California, fundi wa elektroniki Tom Johnson alikuwa amepata njia ya kutengeneza kwa wingi kile kioo chembamba cha mbele kinachohitajika katika darubini fupi na pana, na mwaka 1970 kampuni yake ya Celestron ikatoa ile ya inchi 8 iliyobadilisha biashara nzima. Miaka miwili baadaye John Diebel alianzisha Meade, akianza kwa kuagiza darubini ndogo kutoka Japani. Ushindani wa kampuni hizo mbili ndio uliozaa darubini ya kompyuta. Celestron ilitangulia mwaka 1987 kwa CompuStar, iliyokuwa ghali mno. Meade ikafuata mwaka 1992 na LX200, ambayo watu wengi waliimudu. Na mwaka 1999 Meade hiyohiyo ikaiwekea rimoti ya Autostar darubini ndogo ya ETX yenye upana wa milimita 90. Wazo ni rahisi kulieleza. Mota mbili zinazungusha bomba, vihisi vinahesabu zimezunguka kiasi gani, na kompyuta ikishaelekezwa kwenye nyota mbili inazozijua inaweza kukokotoa ziliko nyingine zote. Tangu hapo mnunuzi aliyekuwa akidanganywa kwa mara 675 akaanza kubembelezwa kwa idadi: vitu 12,000, kisha karibu 40,000 katika rimoti za Celestron za NexStar. Idadi hiyo si uongo, ila haina kazi. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ni nyota moja moja na galaksi ambazo, kwa kioo cha inchi nne katika mji wenye taa, hazionekani kabisa. Darubini itageuka, itapiga mlio wa kusema imefika, na mtazamaji ataona giza.

Wapo wanaosema kwamba kompyuta inamnyima anayeanza elimu yenyewe: hajifunzi kutambua nyota, anabonyeza tu. Hoja hii ina uzito wa kimaadili, na wanaoitoa mara nyingi ni watu waliojifunza anga kwa jasho. Lakini historia haiwaungi mkono kama wanavyodhani. William Herschel, ambaye orodha zake za mawingu na mashada ya nyota zilifikia 2,500, hakuwa peke yake na anga. Dada yake, Caroline, alikaa na saa na vitabu vya nyota, akaandika kila alichotamka kaka yake na kukokotoa mahali pa kila kitu. Mtazamaji bora wa karne yake alitenganisha kazi ya kutafuta na kazi ya kuona, na ya kutafuta akaipa akili nyingine iliyo makini. Rimoti inafanya sehemu ndogo ya alichofanya Caroline. Zaidi ya hayo, kompyuta za kwanza hazikumwondolea mtu elimu hiyo. Zilimdai ataje nyota mbili kwa majina, na akikosea moja, usiku mzima ulipotea. Baadaye Celestron ilileta njia ya kuelekeza kwenye vitu vyovyote vitatu vinavyong'aa bila kujua majina, na mwaka 2020 ikaruhusu kamera ya simu isome mpangilio wa nyota na kusema darubini inatazama wapi. Ninaona hatua hiyo ya mwisho kuwa bora kuliko mota, kwa sababu mtu anasukuma bomba kwa mkono wake na kuliona anga likipita.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Kwa bei ya darubini ndogo ya kompyuta unaweza kupata ya Dobson isiyo na umeme yenye kioo kipana mara mbili, yaani inayokusanya mwanga mara nne. Hilo ni kweli, na kwa mtu anayeishi kwenye giza la kweli, anayetaka kutazama tu, sina jibu la kumpinga. Anunue ya Dobson. Lakini tuangalie pingamizi hilo linasema nini. Halisemi kioo kinashinda stendi. Linasema stendi sahili iliyo imara inashinda stendi yenye mota iliyo dhaifu, na hapo tunakubaliana. Kwa anayeishi mjini hesabu inageuka. Njia ya zamani ya kutafuta, ya kuruka kutoka nyota hadi nyota, inahitaji nyota za kurukia, na anga la Dar es Salaam au Nairobi limefunikwa na mwanga wa taa kiasi cha kubakisha chache tu. Hapo kompyuta inarudisha kile ambacho taa zimenyang'anya.

Tukija kwenye picha, hoja ya stendi inakuwa kali kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Darubini nyingi za kompyuta za anayeanza husogea kama mzinga wa zamani wa kivita: kushoto na kulia, juu na chini. Zinaweza kukiweka kitu katikati saa nzima, lakini haziwezi kuzuia picha isizunguke taratibu kuizunguka katikati hiyo, maana anga halisogei kwa mistari ya juu na chini, linazunguka. Mtazamaji hagundui. Kamera inagundua baada ya nusu dakika hivi, na nyota za pembeni zinakuwa vijistari vilivyopinda. Ongeza hapo urefu wa fokasi, unaoamua picha inakuzwa kiasi gani. NexStar 8SE, darubini ya kioo cha milimita 203 iliyouzwa sana tangu 2006, ina fokasi ya milimita 2,032. Kila kosa la gia linakuzwa kwa kiasi hicho, nayo imebebwa na mkono mmoja. Kwa sayari haijalishi, kwa sababu Mshtarii inang'aa, na kamera ya video inaweza kuchukua maelfu ya picha za sehemu ndogo ya sekunde, kisha programu kama Registax, iliyotolewa mwaka 2002, ikachagua zilizo safi na kuziunganisha. Kwa wingu hafifu la Orion inajalisha sana.

Mwaka 2023 kampuni ya ZWO ya Uchina ilitoa Seestar S50: lenzi ya milimita 50, fokasi ya milimita 250, uzito wa kilo 2.5, bei ya dola zipatazo 500. Haina pa kuweka jicho. Inapiga picha za sekunde 10, 20 au 30, inasoma nyota kwenye picha ili ijue ilipo, inaisahihisha kila picha kwa mzunguko wa anga, inazilundika moja juu ya nyingine na kukuonyesha matokeo kwenye simu. Kioo cha NexStar kinakusanya mwanga mara 16 zaidi, na bei yake inapita dola 1,000. Lakini mtu asiye na uzoefu, usiku wake wa kwanza, atapata picha bora ya wingu la Orion kwa hiki kidogo. Huo ndio ushahidi wa Lick umerudi katika umbo jingine. Kilichoshinda ni mfumo wa kufuata na kusahihisha: fokasi fupi inasamehe makosa ya gia, na programu inafanya kwa hesabu kile ambacho Fraunhofer alikifanya kwa chuma.

Atakayesema kwamba kutazama simu si kutazama nyota anasema jambo ambalo mimi pia nalihisi. Mwanga wa pete za Zohali ukiingia moja kwa moja kwenye jicho hauna mbadala, na Seestar, kwa lenzi yake ndogo, huonyesha Zohali kama nukta yenye masikio. Asiye na hamu ya picha asiinunue. Lakini tangu Draper, sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu mawingu na galaksi imekuja kwa sahani na vihisi, kwa sababu jicho haliwezi kulundika mwanga wa dakika 51. Anayeanza asiambiwe kwamba picha ni njia ya mkato. Ni kazi ya namna nyingine, na inahitaji chombo cha namna nyingine. Anayetaka kimoja kifanye zote mbili vizuri kwa bei ya chini atauziwa kisichofanya hata moja.

Kuna jambo ambalo sanduku halitamwambia kamwe mnunuzi wa Afrika Mashariki, nalo linahusu mahali anapoishi. Stendi ya Crossley ilitaabika ilipotoka Uingereza kwenda California. Stendi za leo za aina ya Fraunhofer zina taabu kubwa zaidi kwetu. Zinataka mhimili mmoja uelekee kwenye ncha ya anga, na Nairobi iko digrii 1.3 kusini mwa ikweta, Dar es Salaam digrii 6.8. Ncha ya kaskazini, pamoja na nyota yake maarufu ya kuelekezea, iko chini ya upeo wa macho; ya kusini imelala karibu na paa za nyumba na haina nyota yoyote ya kung'aa. Mhimili unatakiwa kulala karibu kama ubao wa meza, na nyingi za stendi hizi za bei nafuu hazishuki chini ya digrii 15 au 20. Maelekezo yaliyoandikwa kwa mtu wa Ulaya au Marekani hayatamsaidia mtu wa hapa. Hata rimoti inahitaji uangalifu: zipo zinazotaka mwezi uandikwe kabla ya siku, na anayesahau kugeuza kaskazini kuwa kusini ataona darubini ikikosa kitu inachokitafuta.

Ila ikweta hiyohiyo inatoa fidia ambayo wengi hawaijui. Kwa stendi sahili ya juu na chini, kasi ambayo picha inazunguka hutegemea upande unaotazama, na kwenye mashariki kamili au magharibi kamili kasi hiyo ni sifuri. Huko Ulaya nyota hupanda kwa mshazari na kukaa upande huo muda mfupi tu. Kwetu Orion hupanda kutoka mashariki karibu wima, na wingu lake hubaki karibu na mstari huo saa baada ya saa, kwa hiyo stendi ya bei ndogo inaweza kulifuata kwa mzunguko mdogo kuliko ule anaoupata mwenye stendi hiyohiyo akiwa New York. Gharama inakuja kitu kinapofika utosini. Wingu la Orion hupita digrii nne tu kutoka juu kabisa ya Nairobi, na hapo mota ya chini inalazimika kuzunguka kwa kasi kubwa huku picha ikizunguka mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Mwenye darubini ya namna hiyo apige picha zake jioni za Desemba na Januari, Orion ikiwa bado upande wa mashariki, aiache kwa saa moja hivi inapopita utosini, kisha aifuate tena ikishuka magharibi.

Na kabla ya kulipa aangalie mambo ambayo historia hii imeyafanya kuwa ya lazima. Aguse bomba na ahesabu sekunde hadi mtikisiko uishe. Zikizidi tatu au nne, arudishe. Aulize umeme unatoka wapi, kwa sababu betri ndogo nane hazivumilii mota usiku mzima. Aulize pia vipuri. Kioo kinadumu miongo, bodi ya elektroniki haina uhakika huo, na kampuni zenyewe hufa: Meade iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni mwaka 2019, ikanunuliwa na kampuni ya Orion ya California mwaka 2021, na Orion nayo ikafunga milango mwaka 2024. Kioo cha LX200 ya 1992 kinaweza kuwa safi hadi leo, lakini mtu anayeuziwa moja iliyotumika na bodi yake ikaungua atalazimika kuwatafuta mafundi wa kuirekebisha, au kulitoa bomba na kulifungia stendi nyingine, kama Keeler alivyolazimika kuanza na nguzo.